Kununua Gari Lililotoka Kampuni: Faili Kwanza, Bodi Baadaye

Tangazo lenyewe huwa fupi: Toyota Hilux dabo kebini ya mwaka 2021, dizeli, mmiliki mmoja, litauzwa kama lilivyo na mahali lilipo. Chini yake kuna namba ya simu, siku za kukagua na saa ya mnada. Matangazo ya namna hii huonekana mara kwa mara kwenye kurasa za Mwananchi, HabariLeo na Daily News, na siku hizi kwenye makundi ya simu pia. Nyuma ya maneno hayo machache linaweza kuwepo gari bora kuliko lolote linaloshushwa bandarini Dar es Salaam kwa bei hiyohiyo. Linaweza pia kuwepo deni la kodi, chesisi iliyopinda, au gari ambalo anayeliuza hana mamlaka ya kuliuza. Kwa macho magari hayo mawili hufanana: yote yameoshwa, tairi zimepakwa dawa, viti vimepigwa vumbi. Kinachoyatenganisha ni makaratasi.

Mnunuzi anayeelewa kwa nini kampuni inauza ameshapiga hatua kubwa. Mtu binafsi mara nyingi huuza gari lilipoanza kumsumbua. Kampuni huuza kwa kalenda. Dhamana ya kiwanda, ambayo mara nyingi ni miaka 3 au kilomita 100,000, inapokwisha, meneja wa magari anajua kwamba kuanzia hapo kila tengenezo litatoka mfukoni mwa ofisi. Wahasibu nao wana hesabu zao. Kwa kanuni za kodi ya mapato Tanzania, magari madogo yamo kwenye daraja la kwanza la uchakavu, asilimia 37.5 kila mwaka kwa thamani inayobaki. Gari lililonunuliwa kwa shilingi milioni 100 hubaki na milioni 62.5 mwisho wa mwaka wa kwanza, milioni 39 na ushei mwisho wa pili, na kama milioni 24.4 mwisho wa tatu. Sokoni bado lina thamani kubwa zaidi ya hiyo, lakini kwenye vitabu vya kodi limeshakwisha kwa zaidi ya robo tatu. Ndiyo sababu gari zima, lisilo na kasoro yoyote, linaweza kutolewa likiwa bado na miaka mingi ya kazi.

Faida nyingine ni kwamba maisha yake yote yamo ndani ya nchi. Magari mengi ya mitumba yanayotoka Japani huingia Tanzania yakiwa na umri mkubwa, na sheria inayatoza kwa hilo: lenye zaidi ya miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, na lililovuka miaka 10 asilimia 30. Aliyeliendesha huko hajulikani, na fundi aliyelitengeneza haulizwi. Gari la kampuni lilinunuliwa jipya, mara nyingi kwa wakala wa hapa, likahudumiwa kwenye gereji yenye anwani, likaendeshwa na dereva mwenye jina. Faida hiyo inamfikia mnunuzi anayedai kuiona. Asiyedai analipia gari la kampuni na kupewa gari lisilo na historia.

Namba za usajili ni ukurasa wa kwanza wa historia hiyo. Gari la kampuni ya kawaida huwa na namba za T, kama magari mengine ya raia: kibao cha njano kwa matumizi binafsi, cheupe kwa gari lililosajiliwa la biashara. Magari ya Serikali huanza na STK, STL na ndugu zake, mashirika ya umma hutumia SU, na magari ya miradi inayofadhiliwa na wahisani hutumia DFP. Balozi na mashirika ya kimataifa yana namba zao za kidiplomasia. Gari la DFP au la Serikali likiuzwa kwa raia husajiliwa upya na kupewa namba ya T ya siku hiyo. Kwa hiyo gari la mwaka 2016 linaweza kusimama yadi likiwa na herufi za juzi, na muuzaji asiye mwaminifu akamwacha mnunuzi aamini kwamba umri wake ni wa juzi vilevile. Umri wa gari usomwe kwenye kadi, mahali palipoandikwa mwaka wa kutengenezwa, na uthibitishwe kwa namba ya chesisi kwa wakala wa aina hiyo ya gari.

Hapa ndipo penye jambo linaloumiza wanunuzi kuliko injini mbovu: kodi iliyosamehewa.

Mashirika ya misaada, balozi na miradi mingi huingiza magari bila kulipa kodi. Land Cruiser nyingi nyeupe za namna hiyo hupitia kampuni moja iliyoko Gibraltar, inayojulikana kwa kifupi cha TGS, ambayo kazi yake ni kuuza magari ya Toyota kwa Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada. Magari haya ni imara kweli, na mengi yana ile injini ya 1HZ ya lita 4.2, mitungi 6, isiyo na tabo, ambayo mafundi kutoka Kigoma hadi Mtwara wanaifahamu. Lakini msamaha wa kodi ulikuwa wa shirika. Gari halikupewa msamaha wake lenyewe. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, mali iliyoingizwa kwa msamaha ikihamia kwa mtu asiyestahili msamaha huo, kodi inadaiwa. Matangazo ya mnada hulisema hilo kwa maneno mafupi: kodi juu ya mnunuzi. Wengi huyapita maneno hayo kama wanavyoyapita masharti ya tiketi ya basi.

Tufanye hesabu. Chukua gari la abiria lenye injini ya zaidi ya cc 2000, ambalo Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA, imelithamini kwa shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 2.5. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 hupigwa juu ya jumla hiyo ya milioni 12.5, nao ni milioni 1.25. Kisha VAT ya asilimia 18 hupigwa juu ya milioni 13.75, ambayo ni milioni 2.475. Jumla ni milioni 6.225 kwa kila milioni 10 za thamani, kabla ya tozo ndogondogo na kabla ya ule ushuru wa uchakavu kama gari limevuka miaka 8. Tena thamani inayotumika ni ile ya TRA, hata kama mnunuzi alilipata gari kwa bei ya kutupa. Mtu aliyeshangilia kushinda mnada kwa milioni 30 anaweza kukuta gari lake limemgharimu karibu milioni 50 kabla hajaliwasha.

Dawa yake ni moja. Kabla ya kutaja bei, chukua namba ya chesisi na nakala ya kadi, nenda TRA au kwa wakala wa forodha mwenye leseni, upate makadirio ya kodi kwa maandishi. Muuzaji akisema kodi imelipwa, aonyeshe nyaraka za malipo hayo. Kumbuka pia kwamba viwango vinaweza kubadilika kila tarehe 1 Julai baada ya bunge la bajeti, kwa hiyo hesabu ya mwaka jana haifai. Kwa gari la kampuni ya kawaida, ambalo kodi zake za kuingia zililipwa, swali linakuwa jingine: je, bei iliyotajwa imeshajumuisha VAT? Kampuni iliyosajiliwa kwa VAT inaweza kuongeza asilimia 18 juu ya bei ya nyundo. Kwenye milioni 40, hiyo ni milioni 7.2 zaidi. Liulizwe mapema, na jibu liwe kwenye karatasi.

Baada ya kodi, kinachofuata ni kazi. Gari lilikuwa likifanya nini? Hakuna swali linalosema mengi zaidi kuhusu hali yake, na bado wanunuzi wengi huishia kuuliza kilomita tu.

Kilomita peke yake hudanganya hata pale ambapo hakuna aliyeichezea. Chukua magari mawili ya kampuni moja, yote ya miaka 3. La kwanza ni la ofisa mauzo anayetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya mara mbili kwa mwezi. Njia ile ni kama kilomita 830 kwa upande mmoja, hivyo gari hukata zaidi ya kilomita 3,300 kwa mwezi, karibu 40,000 kwa mwaka, na kwa miaka 3 hufika 120,000. Kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, injini yake imefanya kazi saa 2,000. La pili ni la ofisi ya Posta, linalopeleka barua na wafanyakazi Kariakoo, Mwenge na Tegeta, likilala kwenye foleni. Limekwenda kilomita 60,000 tu, nusu ya mwenzake. Lakini kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa, injini yake imenguruma saa 3,000. Oili yake imepikika zaidi, klachi imekanyagwa mara nyingi zaidi, na feni ya rejeta haikupumzika. Tangazo litasema la pili lina kilomita chache, na bei yake itakuwa juu. La kwanza ndilo la kununua, mradi breki zake zikaguliwe kwa makini, maana limeshuka Kitonga mara nyingi.

Kila kazi huacha alama zake. Pikapu za usambazaji wa bia na soda hubeba kupita uwezo wake. Zitazamwe kwa pembeni kwenye uwanja tambarare, na jicho lifuate nafasi iliyo kati ya kebini na bodi ya nyuma. Nafasi hiyo ikiwa pana juu na nyembamba chini, au kinyume chake, chesisi imepinda, na hakuna kunyoosha kutakakoirudisha ilivyokuwa. Spring za nyuma zilizolala kabisa zinasema habari hiyohiyo. Magari ya kampuni za ulinzi husimama saa nyingi yakiunguruma ili kiyoyozi na redio vifanye kazi, na kilomita hazihesabu hata dakika moja ya hizo. Magari ya migodini, kule Geita na Kahama, mara nyingi hutunzwa kwa ratiba kali na mwendo wake hufuatiliwa, lakini huishi ndani ya vumbi na matope. Yanapotolewa huacha matundu ya mahali palipofungwa taa za tahadhari na milingoti ya bendera. Matundu hayo yasipozibwa vizuri, mvua ya kwanza ya masika itaonyesha.

Magari ya utalii ya Arusha ni somo peke yake. Barabara ya vumbi inayotoka Ngorongoro kwenda lango la Naabi ina mawimbi yanayotikisa gari mfululizo, na Land Cruiser iliyorefushwa chesisi na kukatwa paa kwa ajili ya kutazama wanyama hubeba mtikisiko huo kwenye viungo vya kuchomelea. Kwa kazi ya utalii inafaa. Kwa familia inayotaka gari la kwenda Moshi kila Krismasi, maoni ya makala hii ni kwamba iachwe.

Upande wa pili kuna magari ya mameneja: Prado, Fortuner, RAV4. Dereva mmoja, njia za lami, kuoshwa kila asubuhi. Haya ndiyo matamu, na ndiyo huwahi kuchukuliwa, kwa sababu kampuni nyingi huwapa wafanyakazi wake nafasi ya kwanza. Gari la meneja likifika mnadani kwa watu wa nje, si kosa kuuliza kwa upole kwa nini hakuna aliyelitaka ndani. Wakati mwingine jibu ni la kawaida, kwamba utaratibu wa kampuni hauruhusu. Wakati mwingine wafanyakazi wote wanajua gari lile lilipinduka Chalinze.

Sasa faili. Kampuni yenye utaratibu huwa na jalada la kila gari: ratiba ya sevisi, ankara za gereji, rekodi ya mafuta, kitabu cha safari, madai ya bima. Mnunuzi aombe lote. Sevisi zisomwe kwa kilomita na tarehe, na pengo litafutwe. Gari lililofanyiwa sevisi kila kilomita 5,000 hadi 60,000, kisha likakaa kimya mpaka 95,000, lilitelekezwa kipindi fulani, na mara nyingi kipindi hicho ni kile kampuni iliposhaamua kuliuza. Rekodi ya mafuta nayo inasema mengi. Gari lililokuwa likila lita 11 kwa kilomita 100 na ghafla likaanza kula 15 lina nozeli mbovu, au lilikuwa na dereva anayenyonya mafuta. Wizi wa mafuta kwenye magari ya ofisi unajulikana, na madhara yake hayaishii kwa mwajiri: tenki likifunguliwafunguliwa huingia uchafu na maji, na injini za kisasa za dizeli zina pampu na nozeli zenye shinikizo kubwa zisizostahimili hata tone. Lala chini uitazame nati ya tenki. Ikiwa imekwaruzwa huku nyingine zote zina vumbi la miaka 3, fundi apime nozeli kabla ya jambo lolote.

Jalada likipotea, bado kuna njia. Wakala aliyekuwa akilihudumia gari anaweza kufuatilia historia kwa namba ya chesisi, ingawa mara nyingi atataka idhini ya mmiliki. Kampuni ikikataa kutoa hata idhini hiyo, jibu limepatikana.

Katika faili litafutwe pia lile tengenezo kubwa ambalo linakaribia kwa mujibu wa kilomita. Injini ya 1HZ ina mkanda wa taimingi unaobadilishwa kila kilomita laki moja hivi. Mkanda ukikatika safarini, valvu na pistoni hugongana. Hilux zilizotoka kuanzia 2015 zenye injini za GD hutumia cheni, kwa hiyo gharama hiyo haipo. Gari likiuzwa likiwa na kilomita 98,000, ni halali kabisa kujiuliza kampuni inakimbia bili gani, na kuiondoa bili hiyo kwenye bei.

Ukaguzi wa gari lenyewe ufanywe na fundi wa mnunuzi, asiwe wa yadi. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kinachoweza kuonekana. Dar es Salaam, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo hukagua magari, na gereji yoyote nzuri ina mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Mashine hiyo inaweza kuonyesha hitilafu zilizofichwa kwenye dashibodi ili taa isiwake, na katika magari mengi husoma kilomita zilizohifadhiwa kwenye vifaa vingine vya gari. Kilomita za dashibodi zikiwa 70,000 na kifaa kingine kikisema 160,000, mazungumzo yameisha. Hata bila mashine, raba za pedali zilizolika, usukani uliong'aa na kiti cha dereva kilichobonyea upande mmoja haviendani na kilomita 40,000.

Rangi isomwe mchana, juani. Mahali palipokuwa na nembo ya kampuni huonekana kivuli chake, kwa sababu chini ya stika rangi haikupauka. Hilo si kasoro. Kasoro ni mlango mmoja ambao hauna kivuli hicho wakati wenzake wanacho, maana mlango huo umepigwa rangi au umebadilishwa. Mikanda ya usalama ina vitambulisho vyenye tarehe ya kutengenezwa. Tarehe ikiwa ya baada ya gari lenyewe, mikanda ilibadilishwa, na mikanda haibadilishwi bila sababu. Taa ya mifuko ya hewa iwake unapofungua swichi, kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda balbu imetolewa kuficha mifuko iliyofumuka.

Magari mengi ya kampuni yana kifaa cha kufuatilia mwendo. Kwa mnunuzi ni neema, kwa sababu taarifa zake huonyesha kasi, saa za kusimama na njia zilizopitwa, na kampuni ikiwa tayari kutoa muhtasari wake, apewe shukrani. Baada ya kununua, kifaa kitolewe na fundi umeme anayejua kazi. Nyaya zilizokatwa na kuzungushiwa gundi ya karatasi zimewaletea watu gari lisilowaka katikati ya Mikumi usiku.

Halafu kuna dereva. Yeye ndiye aliyelala na gari njiani, anajua gia ya tatu inapogoma na barabara gani ilivunja shoki ya kushoto. Kwenye siku ya ukaguzi huwa hayuko mbali. Salamu ya heshima na soda baridi hufungua mengi. Muulize kwanza kama gari lilikuwa la dereva mmoja au la kila mtu, kwa kuwa gari la wote halina mlezi. Kisha muulize kama yeye angelinunua kwa hela yake. Jibu lake lisikilizwe, na uso wake utazamwe pia.

Mbele ya nyundo, mambo huenda haraka. Kampuni huuza kwa njia mbili kuu: mnada wa hadhara unaoendeshwa na dalali, au zabuni za bahasha zilizofungwa. Dalali awe na leseni, kwani kazi hiyo ina sheria yake, Sheria ya Madalali, Sura ya 227. Kwenye mnada mara nyingi hudaiwa sehemu ya bei papo hapo, kwa kawaida robo, na salio ndani ya siku chache zinazotajwa. Anayeshindwa kumaliza hupoteza amana. Kwa hiyo fedha ziwe tayari kabla ya kuinua mkono, na mkopo wa benki ambao bado unajadiliwa usihesabiwe kama fedha. Kiwango cha juu kiandikwe nyumbani: bei ya gari kama hilo sokoni, ukitoa kodi zinazodaiwa, ukitoa tengenezo lililokaribia, ukitoa seti ya tairi kama zilizopo zimekwisha. Kinachobaki ndicho kikomo. Kelele za mnada zina nguvu ya ajabu ya kumfanya mtu aongeze milioni moja, halafu nyingine, ili tu asishindwe na mtu asiyemjua.

Zabuni ya bahasha ina utulivu zaidi na inampa mnunuzi makini nafasi nzuri, hasa kampuni inapouza magari kumi kwa mpigo. Wengi huandika bei kubwa kwa lile linalong'aa. Aliyesoma majalada yote kumi huandika kwa lile lenye historia safi, hata kama lina mkwaruzo mlangoni.

Kabla ya kulipa senti, ithibitishwe kwamba muuzaji ndiye mwenye mali. Jina kwenye kadi lilingane na jina la kampuni herufi kwa herufi. Gari lililonunuliwa kwa mkopo huwa na jina la benki kwenye kadi pamoja na la mkopaji, na bila benki kujitoa hakuna uhamisho. Gari la kukodishwa kwa muda mrefu ni mali ya kampuni ya ukodishaji, hata kama nembo ya mtumiaji ilibandikwa mlangoni kwa miaka 4. Kampuni inayodaiwa inaweza kuwa imeweka rehani mali zake zote, magari yakiwemo, na rehani za namna hiyo husajiliwa kwa msajili wa kampuni, BRELA, ambako mtu anaweza kuomba upekuzi. Kampuni inayofilisika ndiyo inayouza kwa bei nzuri kuliko zote, na ndiyo ya kupekuliwa kwa makini kuliko zote. Anayesaini mkataba awe na azimio la bodi au barua inayompa mamlaka. Meneja wa karakana hana mamlaka ya kuuza gari kwa sababu tu funguo ziko kwake.

Faini za barabarani nazo hufuata namba ya gari. Mfumo wa polisi wa usalama barabarani unaonyesha deni kwa kuingiza namba ya usajili, na mtu anaweza kulitazama kwa simu akiwa amesimama hapohapo yadi. Kosa moja ni shilingi 30,000, na kuchelewa kulipa huongeza deni. Gari la mauzo lililokuwa likikimbiza muda kati ya Morogoro na Iringa linaweza kuwa na rundo zima. Zilipwe na muuzaji kabla ya makabidhiano.

Siku ya malipo, fedha ziingie kwenye akaunti yenye jina la kampuni, kamwe zisipite kwenye simu ya mtu. Mnunuzi aondoke na kadi halisi, mkataba wa mauziano uliothibitishwa na wakili, nakala ya azimio la bodi, risiti ya EFD, funguo zote mbili na jalada la sevisi. Kisha aende TRA kuhamisha umiliki, ambako atalipa ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani pamoja na ada za uhamisho na kadi mpya. Bima ya zamani ilikuwa ya kampuni na haimlindi yeye, kwa hiyo bima mpya ikatwe kabla gari halijatoka getini.

Kwa msomaji anayeweka akiba sasa hivi akiwaza Hilux au Prado iliyotoka ofisini, shauri ni hili. Omba jalada siku ya kwanza, kabla ya kuuliza bei ya mwisho. Kampuni ikilitoa, mpe fundi wako siku nzima na uwe tayari kulipa bei ya haki. Ikikataa, achana na gari hilo hata likiwa jeupe pee na bei yake ikiwa chini ya soko. Mengine yatatangazwa mwezi ujao.